Paa Lililonenepa

Habari ililetwa kwetu Iyunga, Mbeya, na utingo wa lori la mbao. Aliisema huku anatafuna muwa, kama mtu anayesimulia mpira. Alisema huko Nyololo paa la udongo liliwaangukia watu masika yaliyopita. Mvua ilikuwa ya mchana, mama amewalaza watoto, paa likashuka lote kwa mara moja bila hata kulia kwanza. Juu ya paa kulikuwa na maboga. Waliokuja kufukua waliyakuta maboga mazima, hakuna hata moja lililopasuka.

Wanawake tuliokuwa pale gengeni tukasema masikini, tukasema Mungu awalaze pema. Mmoja akasema huo ni uchawi, boga halianguki likabaki zima. Mimi nikachukua chumvi yangu nikaenda zangu. Lakini maboga yale yalinifuata mpaka nyumbani. Nikisonga ugali nayaona. Nikimwogesha Nyamizi, mtoto wangu wa mwisho, nayaona. Maana na sisi tulikuwa tunalala chini ya shamba.

Niwaeleze nyumba yenyewe, msije mkafikiri natukana nyumba za udongo. Sizitukani. Haya naandika nikiwa nimekaa chini ya paa hilohilo, na silihami.

Mume wangu Limbu ni Msukuma. Ukoo wao ulihama kaskazini na ng'ombe wake ukaja kukaa Usangu, na huko walijenga tembe, zile nyumba za paa bapa la udongo. Limbu alikuja Iyunga kufanya ufundi wa kujenga wakati reli inapita. Kiwanja tulichopata kilikuwa kama mkeka. Mabati yalikuwa hayapatikani, ukisikia yamefika dukani ujue yameshakwisha. Na ulikuwa ndio mwaka ule wa Kilimo cha Kufa na Kupona, kila mtu anaambiwa alime, hata sisi wa mjini. Tutalima wapi?

Limbu akaangalia juu, akacheka. "Mama Nyanda, shamba tutalipandisha."

Mimi kwetu ni Tukuyu, kwetu mvua hainyeshi, inamwagwa. Nikamwambia tembe la Usangu silitaki, nataka paa lililolala kidogo upande mmoja, na mfereji wa kutoa maji, na chini ya mfereji shimo la migomba. Akakubali. Kalinga, seremala Mhehe tuliyekuwa naye jirani, akatuletea kutoka Mafinga boriti za paina na mabanzi, yale maganda ya gogo yanayobaki kiwandani. Zikapangwa boriti, juu yake mabanzi, juu yake nyasi kavu, kisha udongo wa kichuguu uliopondwa ukashika kama sahani. Mwisho tukaweka udongo mwembamba wenye samadi, nikapanda matembele na mchicha na vitunguu.

Nyumba ile ilitupenda. Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya inapouma masikio, wenzetu wa mabati walikuwa wanapuliza vidole, sisi watoto wanacheza ndani bila sweta. Mwezi wa kumi jua likiwaka wao wanakimbilia nje, sisi tunakimbilia ndani. Maji ya kuoshea vyombo yanapanda juu kunywesha mchicha, ya mvua yanashuka kwenye migomba. Maganda wanakula kuku, mavi ya kuku yanarudi juu. Jirani yangu Bi Waridi, ambaye babu zake walitoka pwani na biashara ya nguo, alikuwa akija kunichokoza.

"Mama Nyanda, wenzio tunakwenda sokoni, wewe wapanda ngazi. Siku moja utakuta ng'ombe wa mume wako wanachungwa huko juu."

"Wakija nitakuuzia maziwa," namwambia.

"Kwa ngazi au kwa kamba?"

Basi tunacheka. Na mvua ikipiga mabati yake hawezi kusikia hata redio, anakuja kukaa kwangu.

Sasa iko desturi moja ya ukoo wa Limbu. Kabla ya mvua kuanza, ndugu akija kukutembelea haji mikono mitupu. Anachota kikapu cha udongo uani kwake, anakuja nacho, anaumwaga juu ya paa lako. Anasema, "Nimewafunika." Wewe unajibu, "Tumefunikwa." Udongo huo haukataliwi, na ukishamwagwa haukwanguliwi. Kumkwangulia mtu udongo wake ni kama kumwambia baraka yako inanuka.

Ni desturi nzuri. Watu walipanda malori kutoka Usangu na mifuko ya udongo magotini, kondakta anawauliza kama wanakwenda kufungua shamba. Majirani nao wakaipenda. Kalinga akaleta chake, Bi Waridi naye akaleta kwenye ungo, amejifunga kanga mpya kama anakwenda harusini. Kila mwaka hivyo. Na mchicha wangu ulinenepa, nikadhani hiyo ndiyo baraka yenyewe.

Utingo aliposema habari yake, tulikuwa katikati ya kiangazi. Nikaanza kuitazama nyumba yangu kama mtu anavyomtazama mtoto anayekohoa.

Kwanza mlango. Mlango wa mbele ulikuwa unakwama juu. Limbu akamwita Kalinga akaupiga randa. Baada ya muda ukakwama tena.

"Mbao imevimba," Kalinga akasema, vumbi la randa limemjaa kwenye ndevu.

"Imevimba kwa maji gani? Vumbi tupu hili. Mbao kiangazi si inasinyaa?"

Akaukuna mlango kwa kucha. "Shemeji, mbao nyingine zina kiburi."

"Basi kiburi chake kiko juu tu? Chini mbona unapita?"

Akaendelea kupiga randa.

Pili, kibuyu. Nilikuwa nimetundika kibuyu cha maziwa ya mgando kwenye boriti ya katikati, kamba ileile tangu tuhamie. Ilikuwa nikikitaka nainua mkono. Siku hizo nikawa nagonga paji la uso. Nikamwambia Limbu.

"Umerefuka," akasema.

"Mwanamke wa watoto wawili anarefuka?"

"Basi kamba imelegea."

Nikaipima kamba kwa mkono wangu mbele yake, haikulegea. Akafanya mzaha. "Mama Nyanda, tangu yule utingo apite hapa unaogopa hata kunguru akitua juu. Mimi ndiye fundi. Tembe la baba yangu lilikaa mpaka akazeeka chini yake."

Na Nyamizi mkeka wake ulikuwa chini ya boriti ile hasa. Sikubishana. Niliuhamishia mkeka ukutani, wala sikumuuliza mtu.

Siku zilezile mdogo wangu Roza alijifungua huko Iringa, nikapanda basi kwenda kumwona. Basi likasimama Nyololo. Nikashuka, nikawauliza wauza mahindi juu ya nyumba iliyoanguka. "Hapana, mama, siyo hapa," wakasema, "tulisikia ni Mafinga." Tulipofika Mafinga nikauliza watu wa mbao. Wakasema, "Aa, ile ni Nyololo." Nikajua kwamba habari ile huenda haina kwao. Ningeweza kurudi nyumbani nikicheka. Lakini hata kama utingo alisema uongo, mlango wangu haukuwa unasema uongo.

Iringa nilifika kwa mama yake Kalinga kumpelekea mzigo kutoka kwa mwanawe. Anakaa kwenye tembe nje kidogo ya mji, tembe la zamani. Nilipofika niliusukuma mlango kwa kidole kimoja, ukaenda. Nikaangalia paa lake kwa nje. Lilikuwa jembamba kama chapati na limepauka, halina hata jani, na upepo ulikuwa unachukua vumbi juu yake mbele ya macho yangu. Mbuzi alikuwa amelala huko juu. Nikasimama pale na mzigo kichwani, sijatua. Wenyeji wanasema karibu, mimi natazama lile vumbi likiondoka. Niliondoka Iringa nimeshaelewa, na nilikuwa sina mashaka tena.

Niliporudi nilikuta mama mkwe amefika kutoka Usangu. Anaitwa Mbuke, mwanamke wa maneno na nguvu, amekuja na gunia dogo la udongo. Safari hii haukuwa udongo wa uani tu. Ulitoka kwenye zizi la marehemu baba yake Limbu. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima, kila mtu anasema wiki hii haipiti bila mvua.

Limbu alikuwa ameshaegesha ngazi. Nikasimama mbele ya ngazi.

"Mayu, shikamoo," nikasema. Mayu ndiyo mama kwao.

"Marahaba. Nipishe niwafunike, mvua yaja."

"Mayu, leo sitafunikwa."

Bi Waridi aliyekuwa anaanua nguo zake akabaki na shuka mkononi.

"Limbu," mama mkwe akasema taratibu, "huyu mkeo amenikataa mimi, au amemkataa baba yako?"

"Mama Nyanda, toka hapo," Limbu akasema. "Unanitia aibu."

"Aibu tutaiosha, mtoto aliyekufa haoshwi akaamka," nikamjibu. "Watoto wangu leo hawaingii ndani. Nimewaambia wakae kwa Bi Waridi mpaka paa lipungue. Mnaotaka kuingia ni ninyi watu wazima, na mlango wenyewe mtausukuma kwa bega."

"Lipungue?" Mama mkwe akaweka gunia chini. "Tangu lini paa letu limeua mtu?"

"La kwenu halijaua. Ndiyo maana nakuomba wewe upande, siyo Limbu. Limbu ameshalizoea. Wewe unalijua paa la udongo tangu hujaolewa. Tia mkono tu. Ukiona udongo wako utapata pa kukaa, nitautandaza mwenyewe na nitakupigia magoti."

Akanitazama. "Mimi nipande? Unataka nianguke ndipo uogope vizuri?"

Kalinga, aliyekuwa amekuja kutazama, akacheka, Bi Waridi naye akacheka, hata Limbu akashindwa kujizuia. Lakini yule mama alikuwa amepanda mapaa maisha yake yote kuanika mtama. Akakaza kanga kiunoni, akapanda.

Tulimwona anainama kwenye matembele. Akaingiza vidole. Akaingiza kiganja. Akapiga goti, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Akakaa hivyo kama mtu anayemzalisha ng'ombe.

"Kichuguu kiko wapi?" akauliza kutoka juu.

"Endelea, mayu," nikasema.

Hakuendelea. Akautoa mkono, akautazama ulivyochafuka kwa udongo mweusi wenye unyevu, kiangazi chote kile.

"Limbu! Panda huku."

"Mayu, mimi..."

"Panda!"

Akapanda. Nikapiga kelele, "Msisimame wawili hapo katikati! Kaeni ukutani!" Na hiyo sauti yangu, nadhani, ndiyo iliyomfanya Limbu kwa mara ya kwanza akanyage kwa tahadhari juu ya nyumba yake mwenyewe. Akachimba kwa jembe dogo. Mpini karibu uishe ndipo akagonga kichuguu. Akabaki amechuchumaa.

Sasa yeye ni fundi, na fundi akishaona haambiwi mara mbili. Alisema pale pale juu, anamwambia mama yake lakini ananitazama mimi. "Kwetu paa halina kitu. Kiangazi upepo unalifagia, masika maji yanalisomba. Ndiyo maana mtu analeta kikapu, anarudisha kilichoondoka. Hapa hakiondoki kitu. Matembele yameshika kila punje, na bado tunayamwagilia."

"Na mnaletewa," mama mkwe akasema. "Na mimi ndiye wa kwanza kuleta." Akajifuta mkono kwenye majani. "Mke wa Limbu, hili siyo paa. Hili ni kaburi linalosubiri watu."

Akashuka. Nilidhani sasa kuna neno juu ya udongo wa watu usiokwanguliwa. Mkwe wangu alilifikiria hilo akiwa ananawa, tukimsubiri. Kisha akasema, "Baraka haitupwi. Lakini kubebwa inabebwa. Aliyemwaga kikapu aje akishushe mwenyewe, kwa mkono wake, akimwage kwenye migomba. Hapo nani ametukanwa?"

Hakuna aliyetukanwa. Kwanza Kalinga na Limbu waliingiza nguzo za kushikilia chini ya boriti, ndipo watu wakapanda, wachache wachache, wanakaa pembeni. Ndugu wa Usangu waliokuwa Mbeya wakaitwa. Wale wa mbali mama mkwe akawashushia kwa niaba yao, anataja jina la kila mmoja. Ilikuwa kazi ya kelele. Makarai yanashuka, makarai yanapanda. Bi Waridi akalalamika.

"Mimi nilileta ungo mmoja, mbona mnanishushisha shamba la ukoo?"

"Ungo umezaa, jirani," nikamwambia. "Beba na watoto wake."

"Mashallah, ningejua ningeleta mchele!"

Shimo la migomba likajaa, tukatengeneza tuta refu kando ya ukuta, na bado udongo ukabaki, majirani wakachukua kwa bustani zao. Udongo mzuri ule. Uzuri wake ndio uliokuwa hatari.

Kisha wakafungua katikati. Boriti ile ya paina, pale ilipoingia ukutani juu ya mlango, mahali ambapo hakuna jicho linalofika, ilikuwa imeliwa na mchwa. Kalinga alichomeka patasi, ikaingia kama kwenye ugali. Alipoivuta likatoka pande zima la unga.

Akakaa kitako. "Shemeji," akaniambia, "nimekuwa nikiupiga randa mlango usio na kosa."

Limbu alikwenda kwa Bi Waridi, akamchukua Nyamizi, akambeba begani, akawa anatembea naye tu uani, huku na huku, mpaka mtoto mwenyewe akaomba ateremshwe.

Boriti mpya ililetwa kutoka porini Usangu, mti mgumu hasa, watu wa mama mkwe ndio waliouleta. Kwa kichwa na kwa mkia ikapakwa oili chafu ya magari. Paa likarudishwa kichuguu, na juu yake udongo usiozidi kiganja, na mimea yenye mizizi mifupi. Gunia la mama mkwe sikulikataa tena. Aliondoa udongo wa paa kwa kiasi kilekile, akaushusha kwenye migomba, kisha akamwaga wa kwake. "Nimewafunika," akasema. Nikajibu kwa moyo wote, "Tumefunikwa."

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja mchana, kama ile ya utingo. Watoto walikuwa wamelala baada ya kula. Sikuwaamsha. Nilisimama mlangoni, nikaufunga, nikaufungua, nikaufunga. Ulikwenda kama mlango wa Iringa. Nje mfereji ulikuwa unatapika maji kwenye migomba. Bi Waridi alikuja mbio amejifunika karai kichwani, akakaa. Mama mkwe alikuwa chini ya boriti, anakunywa maziwa ya kibuyu nilichomshushia. Akainua mkono kurudisha kibuyu mahali pake, akanyoosha, akanyoosha tena, hakufika.

"Nani amekipandisha hiki?" akauliza.

"Boriti," nikasema. "Nipe mimi."

Sasa ninyi akina mama mnaojenga mjini kwenye viwanja vidogo, mkaona paa langu mkalitamani, litamanini, ni zuri. Lakini haya muyaepuke:

Usiweke udongo mpya kabla hujaondoa wa zamani kwa kiasi hichohicho. Hata kama aliyeuleta ni mkweo.

Usitumie paina mbichi kwa boriti. Mabanzi sawa, boriti hapana.

Usifukie ncha ya boriti ukutani bila kuipaka oili, na usiache kuichoma kwa kisu kila kiangazi.

Usipande maboga, ni mazito, wala mihogo wala kitu chochote chenye mzizi mnene.

Usimwagilie kupita kiasi hata udongo ukashikamana. Maji ni mzigo.

Usijenge bapa kama Usangu ikiwa unakaa penye mvua. Paa lilale upande.

Usizibe mfereji, na kila baada ya mvua mtume mtu atoe majani.

Usiwaache watu wasimame wengi katikati.

Usimlaze mtoto chini ya boriti ya katikati mpaka mvua za mwaka wa kwanza ziishe.

Usiupige randa mlango unaokwama juu. Angalia kwanza kilicho juu yake.

Usingoje kujua kama uvumi ni wa kweli. Tundika kibuyu, na siku kikikugonga paji la uso, watoe watoto nje.